Ikolojia kwa kumfuata sangara: maneno yanayowasumbua wanafunzi

Kila mwaka mitihani ikikaribia mambo ni yale yale. Mwanafunzi wa sekondari, sinia tatu au nne, anakuja na daftari limejaa maneno ya ikolojia, kila neno na maana yake mstari mmoja, amekariri yote na anakutajia bila kupumua, alafu unamuuliza kaswali kadogo tu, eti ukimtoa samaki fulani ziwani nini kitatokea, anakutazama. Si kwamba hajasoma. Amesoma maneno hayana mahali, hayana mnyama anayemjua, na mfano wa kitabuni ni nyasi, sungura, simba, mfano ambao kwa kweli unanichosha, maana simba wa kwetu Kidepo au Ishasha sijui ni lini alishinda akihangaika na sungura wakati nyati wapo.

Mimi nawaambia hivi: chagua sehemu moja, uifahamu vizuri, alafu kila neno ulitafutie nafasi yake hapo. Kwa sisi wa Uganda sehemu hiyo ni ziwa Victoria, Nalubaale lenyewe, kwa sababu kwenye hilo ziwa watu walifanya jaribio la ikolojia kubwa kuliko maabara yoyote, bila hata kukusudia, na matokeo yake tunayala na matoke hadi leo.

Jaribio lenyewe ni sangara, yule ambaye huku kwetu tunamwita mputa. Wengi wanadhani ni samaki wa asili wa ziwa hili. Sivyo. Kwao ni ziwa Albert na mto Nile chini ya maporomoko ya Murchison, na yale maporomoko ndo yalikuwa mlango uliofungwa, hakuna samaki anayepanda pale, kwa hiyo Kyoga na Victoria hakuwepo kabisa. Miaka ya 1950 akachukuliwa na watu akatiwa huko juu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaongezwa wengine. Hoja ilikuwa kwamba ziwa limejaa nkejje, wale furu wadogo wenye miiba wasio na soko, basi bora aletwe samaki mkubwa awageuze kuwa nyama ya maana. Kwa miaka kama ishirini hivi hakuonekana sana, alafu miaka ya 1980 akalipuka. Shikilia hiyo hadithi, tutairudia rudia.

Mmoja, wengi, wote

Sasa anza na mputa mmoja aliyelala kwenye mtumbwi hapo Masese, Jinja. Huyo ni kiumbe, mmoja basi. Mputa wote walio ziwani kwa wakati mmoja ni idadi ya spishi hiyo, wengine wanasema populesheni, na hapa ndo wanafunzi wanapoteza maksi za bure kwa kuandika "populesheni ya samaki wa ziwa Victoria". Hakuna kitu kama hicho, samaki wa ziwa lile ni spishi mamia na kila spishi ina populesheni yake. Ukiwaweka pamoja mputa, nkejje, mukene (dagaa wa ziwani), ngege (perege), konokono, mwani, ndege wanaokula samaki, mpaka bakteria wa kwenye tope, hao wote kwa pamoja wanaitwa jamii. Alafu ukiongeza vitu visivyo hai, yaani maji yenyewe, mwanga, joto, oksijeni, upepo, chumvichumvi zilizoyeyuka, hapo sasa unasema mfumo wa ikolojia. Neno hilo alilitoa Mwingereza mmoja Arthur Tansley mwaka 1935, na alichokuwa anasisitiza ni kwamba huwezi kuwasoma viumbe upande huu na mazingira yao upande ule, vyote vinasukumana.

Vitu visivyo hai huwa vinarukwa haraka sana darasani, mwalimu anavitaja vitano anafuta ubao. Lakini mwisho wa 2020 kuingia 2021 watu wa pwani ya ziwa waliona sangara wakubwa wanaelea wamekufa, wengi tu, mpaka watu wakaogopa kula samaki, na serikali ikaeleza kwamba shida ni oksijeni kupungua majini. Inakuwaje? Maji ya chini kabisa ziwani huwa na oksijeni kidogo sana kwa sababu vitu vinavyooza kule chini vinaimaliza, sasa dhoruba ikikoroga ziwa, yale maji mabaya yanapanda juu. Sangara anahitaji oksijeni nyingi kwa hiyo anakuwa wa kwanza kuumia. Ngege anavumilia zaidi, na kamongo, yule tunayemwita mmamba huku Buganda, yeye anapanda juu anameza hewa, hana habari. Kitu kimoja kikipungua hivo kikawa ndo kinachoamua nani aishi na nani afe, tunakiita kigezo kikomo. Chakula kingekuwa tele, maji tele, joto zuri, haisaidii, oksijeni ndo imebana.

Makazi na nishi, hapa kaa kidogo

Maneno mawili yanayochanganywa kuliko yote ni makazi na nishi. Makazi ni mahali kiumbe anapoishi, hilo halina shida. Nishi ni namna anavyoishi pale: anakula nini, anakula saa ngapi, anazaa wapi, anavumilia joto gani, nani anamkula, anawafanyia nini wenzake. Watu wanaandika nishi ni "sehemu ndogo ndani ya makazi", hapana jamani, nishi si sehemu.

Na hakuna mnyama anayeeleza nishi vizuri kuliko nkejje. Wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na spishi kama 500 za hawa furu, na cha kushangaza ni kwamba ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, maana yake aina zote hizo zimetokea ndani ya muda ambao kwa mambo ya mabadiliko ya viumbe ni mfupi ajabu. Waliwezaje kukaa pamoja mamia yote hayo? Waligawana kazi. Wengine walikwangua mwani kwenye mawe kwa meno madogo madogo, wengine taya zao za kooni zilikuwa nene za kupondea konokono, wengine walichokonoa mabuu ya wadudu kwenye tope, wengine waliwinda samaki wenzao, na wapo waliokuwa na ufundi mbaya kabisa: mama furu huwa anayabeba mayai na vitoto mdomoni, sasa hao jamaa walikuwa wanamvamia mama wanamfyonza vitoto kutoka mdomoni. Hiyo ni nishi! Mwamba mmoja, makazi mamoja, nishi kumi.

Kinyume chake ni pale spishi mbili zinapotaka nishi ile ile. Mrusi Gause alionyesha mwaka 1934, kwa vijidudu vya maji ndani ya chupa, kwamba spishi mbili zinazotegemea kitu kile kile kwa namna ile ile haziwezi kudumu pamoja, moja itashinda nyingine itatoweka. Ukitaka mfano wa nyumbani, tazama ngege. Ngege wa asili wa ziwa Victoria alikuwa spishi nyingine, alafu miaka hiyo hiyo ya 1950 akaletwa sato wa Nile, anakula vitu vingi zaidi, anakua haraka, anazaliana hata na yule wa asili na kuchanganya damu. Leo ukiagiza ngege hapo Ggaba au hoteli yoyote Kampala, karibu kila mara unaletewa sato. Yule mwenyewe amebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni.

Nani anamla nani, na nishati inaenda wapi

Mnyororo wa chakula unaujua: mwani mdogo anayeelea, fitoplanktoni, anatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, huyo ni mzalishaji. Zuplanktoni, vijidudu vya kuelea, wanamla, ni walaji wa daraja la kwanza. Mukene anakula zuplanktoni, daraja la pili. Mputa anamla mukene, daraja la tatu. Wewe unamla mputa. Mstari mzuri, unachorwa kwa rula.

Shida ni kwamba ziwani hakuna mstari. Mputa mtoto anakula vijidudu na uduvi, akikua anahamia kwa samaki, kwa hiyo mnyama yule yule anapanda ngazi kadiri anavyonenepa, na kuna mputa wa zaidi ya kilo 100 na yupo wa kidole, wote ni spishi moja. Alafu baada ya kuwamaliza furu miaka ya 1980 alifanya nini? Akahamia kwa uduvi, kwa mukene, na kwa watoto wake mwenyewe. Ndiyo, sangara anakula vitoto vya sangara, na si kidogo. Mishale yote hiyo ukiichora inakuwa utando wa chakula, na utando ndo ukweli, mnyororo ni njia moja tu uliyoichomoa humo. Ukiulizwa swali la "ondoa kiumbe huyu" usijibu kwa mnyororo, maana kwenye mnyororo ukimtoa furu sangara anakufa njaa, wakati kwenye utando tumeona hakufa, alibadilisha menyu.

Na mishale inaelekea kwa mlaji. Kila mwaka kuna anayeichora kinyume. Mshale unaonyesha chakula kinakoenda, nyasi kwenda kwa mbuzi, basi.

Sasa nishati. Jua linaingia mara moja, mwani analikamata kidogo, na kuanzia hapo ni kama pesa unayomtumia bibi kijijini kupitia mikono ya watu wanne, kila anayeishika anakata chake, bibi anapata za chumvi. Kila ngazi kiumbe anatumia nishati nyingi kupumua, kuogelea, kutafuta wenza, nyingine inatoka na kinyesi, na joto linapotea halirudi, kwa hiyo kinachofika ngazi ya juu ni kama asilimia 10. Hiyo 10 ni makadirio ya jumla, mahali pengine ni 5, pengine inafika 20, lakini kwa mtihani na kwa kuelewa inatosha. Piga hesabu: kilo 10,000 za mwani zinatoa kama kilo 1,000 za zuplanktoni, hizo zinatoa kilo 100 za mukene, hizo zinatoa kilo 10 za mputa, na ukila hizo 10 unaongeza kilo 1 mwilini. Ndo maana piramidi ya nishati siku zote imekaa vizuri, pana chini, nyembamba juu, na ndo maana sangara wakubwa hawawezi kuwa wengi kama mukene hata iweje.

Nitie neno langu hapa: kwa hesabu hiyo anayekula mukene mwenyewe anapata mara kumi ya anayesubiri mukene aliwe na mputa kwanza. Lakini mukene wetu mwingi unasagwa kuwa chakula cha kuku na watu wanaudharau eti ni wa maskini. Haya.

Piramidi ya uzito, tofauti na ya nishati, inaweza kupinduka. Majini mwani anazaliana haraka na kuliwa haraka hivo kwamba ukipima siku moja unaweza kukuta zuplanktoni ana uzito mkubwa kumzidi mwani anayemlisha. Si kosa la upimaji, ni kasi.

Nishati inapita, virutubisho vinazunguka

Hii sentensi iandike mbele ya daftari. Nishati inaingia kutoka juani na kuishia joto, haitumiki mara mbili. Lakini naitrojeni, fosforasi na kaboni ni zile zile, zinazunguka: kwenye mmea, kwenye mnyama, kwenye kinyesi na mzoga, kwa waozeshaji, kwenye udongo au maji, kwenye mmea tena. Waozeshaji ni bakteria na kuvu, na wapo wanaosaidia kukatakata kama mchwa, minyoo na mende wa mavi. Bila hao majani ya migomba yangelundikana shambani na udongo ukabaki mtupu.

Mzunguko unaweza kuvuka hata kutoka nchi kavu kwenda majini. Kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth kiboko anatoka usiku anakula nyasi, kama kilo 40 hivi, asubuhi anarudi mferejini Kazinga au ziwa George anazimwaga kwa nyuma. Nyasi za mbugani zimekuwa mbolea ya ziwani, mwani anakula, samaki anakula mwani, mvuvi wa Katwe au Kasenyi anapata samaki.

Ila mbolea ikizidi ni balaa, na mfano wake uko Kampala kabisa. Maji taka ya mji yanashuka na mfereji wa Nakivubo mpaka kwenye bwawa la mafunjo, kisha yanaingia ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo hiyo ndo inayotoa maji ya kunywa ya mji pale Ggaba. Mafunjo kazi yao kubwa ni kuchuja: yanapunguza kasi ya maji, tope linatulia, na mizizi yake inayoning'inia majini inanyonya naitrojeni na fosforasi, na bakteria wa kwenye hiyo mizizi wanamalizia. Hiyo ndo inaitwa huduma ya mfumo wa ikolojia, kitu ambacho asili inakufanyia bure na ukikiharibu unakuja kukilipia kwenye bili ya maji, maana mtambo lazima utumie dawa zaidi. Sehemu ya mafunjo hayo imekatwa ikageuzwa mashamba ya magimbi na viwanja vya kujenga. Magimbi ni mmea pia, sawa, lakini yamepandwa kwenye udongo na maji yanapita pembeni kwenye vimifereji bila kugusana vizuri na mizizi.

Virutubisho vikifika ziwani kwa wingi mwani anafumuka, maji yanakuwa ya kijani, mwanga haufiki chini, mwani akifa anazama anaoza, oksijeni inaisha, na tumerudi kwa sangara anayeelea. Mfululizo huo unaitwa urutubishaji wa kupindukia wa maji. Na kuna jambo ndani yake ambalo mimi linanifurahisha na kunihuzunisha pamoja: furu wa kike huwa anamchagua dume kwa rangi, mwekundu au wa bluu, na maji yakichafuka rangi hazionekani, kwa hiyo anapandana na yeyote, na spishi mbili zinaanza kuyeyuka kuwa moja. Kwa hiyo mtu akikuambia sangara peke yake ndo aliua nkejje, mwambie na matope yetu yalisaidia. Inakadiriwa spishi kama 200 zilitoweka. Baadaye sangara alipovuliwa sana baadhi ya furu walianza kurudi, hasa wale wa zuplanktoni, lakini wale wengine hatuwaoni tena. Idadi ya aina za viumbe na utofauti wao ndani ya spishi na kati ya mifumo ndo tunaita bayoanuwai, na hapo unaona kwamba ziwa linaweza kutoa tani nyingi za samaki kuliko zamani na bado bayoanuwai yake ikawa imeporomoka. Hivi ni vitu viwili.

Mgeni ambaye haondoki

Spishi vamizi si kila spishi ya kigeni. Mahindi ni mgeni, mihogo ni mgeni, hakuna anayelalamika. Mvamizi ni yule mgeni anayesambaa mwenyewe na kuumiza waliomo. Magugu maji yalitoka Amerika Kusini, yana ua zuri la zambarau, mwisho wa miaka ya 1980 yakaonekana kwenye maziwa yetu na katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamefunika ghuba nzima nzima, mitumbwi haitoki, Port Bell meli zinakwama, mitambo ya umeme Jinja inazibwa. Kwa nini yalishinda hivo? Kwao kuna wadudu wanaoyala, huku wadudu hao hawapo, na ziwa limejaa mbolea. Ukiondoa adui ukaongeza chakula, hesabu ni rahisi.

Dawa iliyosaidia sana ni aina mbili za fukusi wadogo walioletwa kutoka kwao hayo magugu, wakubwa wanatafuna majani na mabuu yanatoboa shina mpaka mmea unazama. Hiyo ni udhibiti wa kibiolojia. Mwanafunzi mzuri atauliza mbona tunaleta mgeni mwingine tena baada ya yale ya sangara, na ni swali zuri sana. Tofauti ni kwamba fukusi hawa walipimwa kwanza kuhakikisha hawali mimea mingine, wanafungamana na magugu maji, wakati sangara anakula chochote kinachoingia mdomoni. Hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 pamoja na mashine nayo ilichangia, mwisho wa miaka ya 1990 magugu yakapungua sana. Hayakuisha. Mahali mbolea inapoingia kwa wingi bado yanarudi.

Mpaka wa nyasi

Uwezo wa kubeba ni idadi ya viumbe wa spishi fulani ambayo mahali panaweza kuwalisha bila kuharibika. Hebu turudi kwa viboko, safari hii rasi ya Mweya, pale Queen Elizabeth. Miaka ya 1950 viboko walikuwa wengi kupita kiasi, wamekata nyasi mpaka udongo umebaki wazi na mvua inaubeba. Wakuu wa hifadhi wakaanza kuwapunguza kwa risasi, maelfu, na pale Mweya waliondolewa wote. Nyasi zikarudi. Na siyo nyasi tu, nyati, tembo na kuro wakaongezeka kwenye rasi ile, ikaonyesha wazi kwamba viboko walikuwa wanashindana nao. Mpango ulipoachwa katikati ya miaka ya 1960 viboko wakaanza kurudi tena na hao wengine wakapungua.

Angalia maneno mangapi yako humo: populesheni, ushindani kati ya spishi, kigezo kikomo, uwezo wa kubeba, mmomonyoko. Na usiandike kwamba uwezo wa kubeba ni namba isiyobadilika. Mwaka wa mvua nyingi nyasi ni nyingi, namba inapanda, ukame ukija inashuka. Darasani tunachora mstari mnyoofu kwa sababu chaki ni rahisi.

Mahusiano mengine nitayapitia haraka maana hayana ugumu. Mutuba, ule mti wa nguo za magome wa Masaka, una nyigu wake mdogo sana anayeingia ndani ya tunda kutaga na hapo hapo anachavusha maua yaliyofichwa humo, bila nyigu hakuna mbegu na bila tunda hakuna nyigu, wote wanafaidi. Yangeyange anafuata ng'ombe wa Ankole akila panzi wanaoshtuliwa na kwato, yeye anafaidi na ng'ombe hapati wala hapotezi. Minyoo ya kichocho inaishi kwanza kwa konokono wa ziwani alafu kwenye mwili wa mtu anayeoga au kuvua, yeye anafaidi sisi tunaumia, hicho ni kimelea. Kimelea mwenye akili haui haraka, mwindaji anaua papo hapo, hiyo ndo tofauti ya kuandika.

Msitu ambao haujafika

Neno la mwisho ni mfuatano, yaani jinsi jamii moja inavyopisha nyingine mahali pamoja kadiri miaka inavyokwenda. Ukianzia kwenye mwamba mtupu au lava mpya isiyo na udongo ni mfuatano wa kwanza, ukianzia shamba lililoachwa au msitu uliokatwa ambako udongo na mbegu bado zipo ni wa pili, na huo wa pili unaenda haraka.

Hapa Uganda tunayo moja ya kazi maarufu duniani kwenye mada hii na wanafunzi wetu wengi hawaijui. Mtaalamu wa misitu W. J. Eggeling alipima viwanja kwenye msitu wa Budongo, karibu na Masindi, akachapisha mwaka 1947. Hakusubiri miaka mia, alilinganisha sehemu za umri tofauti. Pembeni ambako msitu unavamia nyasi alikuta miti ya haraka kama musizi. Katikati ya safari alikuta msitu mchanganyiko, mivule, mahogani, kila kitu. Na sehemu za zamani zaidi zilitawaliwa na muhimbi, mti mgumu ambao vitoto vyake vinavumilia kivuli, wakati vitoto vya musizi kivulini havitoboi. Akaita hiyo hatua ya mwisho, kilele.

Cha kutazama ni hiki: aina nyingi za miti hazikuwa mwisho, zilikuwa katikati. Mmarekani Joseph Connell alizitumia namba hizi za Budongo mwaka 1978 kujenga hoja kwamba usumbufu wa kiasi, miti kuanguka, tembo kuvunja, unaongeza aina za viumbe kwa sababu unawazuia wababe kumaliza kazi. Usumbufu ukiwa mdogo sana mbabe mmoja anatawala, ukiwa mkubwa sana wanabaki wavamizi wa haraka tu.

Kwa hiyo ukiona kitabu cha zamani kinasema kilele ni jamii tulivu isiyobadilika na asili iko kwenye mizani, andika kwa tahadhari. Baadhi ya viwanja vile vile vya Eggeling vilipimwa tena miaka ya 1990, na hata ule msitu wa muhimbi uliodhaniwa umemaliza safari ulikuwa bado unabadilika, miti mikubwa inakufa, mingine inaingia, na mambo hayakufuata mstari mmoja kama mchoro ulivyosema. Swali likija la "eleza jamii ya kilele", toa maana ya kitabuni kwanza upate maksi yako, alafu ongeza sentensi moja kwamba upimaji wa muda mrefu Budongo umeonyesha mabadiliko yanaendelea hata huko.